Kero za Nyumbani Wakati wa Likizo: Mwongozo Kamili, Kuanzia Garaji Iliyojaa Hadi Suruali za Vijana

Muhula wa tatu unapofungwa mwanzoni mwa Desemba, nyumba nyingi za Uganda hujaa kwa siku moja. Masanduku ya bati yanashushwa kutoka kwenye boda boda, magodoro yanaegemezwa ukutani sebuleni, ndoo za shule zinapangwa barazani, na vijana waliozoea kengele ya bweni wanalala hadi saa nne. Wiki ya kwanza ni ya furaha tupu. Wiki ya pili ndipo maneno yanapoanza: nani kamaliza maji, nani kaacha pasi kwenye umeme, kwa nini gari linalala nje na garaji ipo, na huyu mtoto anatoka na suruali gani.

Naandika haya kwa wazazi na walezi, kwa sababu naona nyumba zenye mapenzi zikipoteza likizo nzima kwa ugomvi wa vitu vidogo ambavyo vingemalizwa kwa Jumamosi mbili tatu. Ninavyoamini mimi, kero ya nyumbani haiondoki kwa kukemewa kila siku. Huondoka pale kitu kinapopata mwenyewe, mahali pake na siku yake, na hayo yakakubaliwa wakati hakuna aliyekasirika. Hatua zote zilizo hapa chini zinafuata njia hiyo.

Kwanza, andika, kisha kaeni baraza

Usianze kwa kupanga wala kununua rafu. Tundika daftari jikoni kwa wiki moja, kalamu ikiwa imefungwa kwa uzi, na kila mtu wa nyumba aandike kinachomkera. Kila mtu maana yake pamoja na dada wa kazi, ambaye mara nyingi ndiye anayejua vijiko vinapotelea wapi na nani anarudisha jerikeni tupu. Wanaoshindwa kuandika waandikiwe na wenzao.

Sharti liwe moja: andikeni tukio, msiandike mtu. "Saa kumi na mbili asubuhi hapakuwa na maji ya kuoga" linafaa. "Fulani ni mvivu" lifutwe, kwa sababu anayeitwa mvivu atajitetea, na maji yatabaki hayajachotwa.

Wiki ikiisha, kaeni baraza Jumapili baada ya chakula cha mchana, wakati matumbo yameshiba na hakuna anayekimbilia kazini. Chagueni kero tatu tu, zile zilizorudiwa zaidi daftarini. Nyingine zisubiri. Aanze kusema mdogo kuliko wote, wamalize wazazi. Utaratibu huu ni muhimu kuliko unavyoonekana: baba akishatoa neno, watoto wengi hunyamaza, na baraza linageuka hotuba. Kama bibi au babu yuko nyumbani, apewe kiti chake na nafasi ya kufunga mazungumzo. Kila kero iandikwe na majibu matatu pembeni yake: nani, wapi, lini. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani.

Garaji na stoo

Hapa ndipo penye kazi kubwa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Nyumba isiyo na garaji ina stoo, au chumba cha uani, au uvungu wa kitanda cha wageni. Utaratibu ni ule ule.

Chagua siku ya kiangazi. Kati ya Desemba na Februari mvua hupungua sehemu nyingi za nchi, na Juni na Julai pia hufaa. Anzeni saa moja asubuhi. Tandikeni turubai uani, toeni kila kitu nje, hadi sakafu ionekane yote. Najua watu wengi hupenda kupanga humo humo ndani, wakisogeza gunia hili kule na tairi lile huku. Haisaidii. Vitu vikiwa juani, mbele ya macho ya wote, ndipo mtu anapokubali kwamba baiskeli isiyo na magurudumu mawili si baiskeli tena.

Gaweni mafungu manne: vinavyobaki, vinavyotengenezwa, vinavyouzwa au kutolewa, na vya kutupa. Fungu la matengenezo ndilo linalodanganya. Kila kitu kinachowekwa humo kipewe mtu na tarehe: feni inakwenda kwa fundi Jumanne, kijana mkubwa ndiye anayeipeleka. Tarehe ikipita bila feni kupelekwa, iuzwe. Wanunuzi wa vyuma chakavu hupita mitaani kila wiki na mizani zao, na pesa itakayopatikana ni vizuri igawiwe wale waliofanya kazi siku hiyo, iwe kidogo kiasi gani. Watoto hawasahau jambo hilo.

Kuna vitu havipaswi kurudi ndani hata kama nafasi ipo.

Betri kuukuu ya gari ni cha kwanza. Ndani yake mna madini ya risasi na asidi ya salfa. Asidi inaunguza ngozi na macho, na risasi inadhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Usiimwage bustanini wala kwenye mtaro. Ibebe ikiwa imesimama wima, uiuze kwa wanaonunua betri zilizokufa. Wanaichukua nzima kwa uzito.

Cha pili ni matairi. Tairi lililoachwa nje au mlangoni mwa garaji linashika maji ya mvua ambayo huwezi kuyamwaga yote, na mbu aina ya Aedes, anayesambaza homa ya manjano, anayapenda sana maji ya namna hiyo. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni wiki moja hadi mbili tu. Ukitaka kulitumia tairi bustanini au kama bembea, litoboe matundu chini maji yapite.

Cha tatu ni dawa za shamba na mafuta ya taa yaliyotiwa kwenye chupa za soda au za maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu haisomi chupa, anainywa. Kama dawa bado inahitajika, ikae kwenye chombo chake cha asili chenye karatasi yake, ndani ya sanduku lenye kufuli, juu. Chupa ya soda yenye mafuta ya taa iondoke leo, usisubiri Jumamosi.

Halafu kuna karatasi. Katika garaji nyingi, chini ya magazeti na vitabu vya shule vya zamani, hukutwa bahasha yenye mkataba wa kibanja, kadi ya gari lililouzwa, vyeti vya mtihani vya mama, kadi ya chanjo ya mtoto wa kwanza. Kwa hiyo hakuna karatasi inayotupwa au kuchomwa bila mtu mzima kuipitia. Mpeni kazi hiyo mwenye subira kuliko wote, akae kivulini na vikapu viwili: cha kutunza na cha kutupa. Za kutunza ziingie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha ndani ya sanduku la bati, na sanduku likae chumbani kwa wazazi. Panya na mchwa hawaheshimu mkataba wa ardhi.

Mizigo ya ndugu ni kero ya aina yake. Shemeji aliacha kochi alipohamia Juba, mjomba aliacha mashine ya kushonea, na hakuna anayethubutu kuvigusa. Vipigeni picha, mpigie mwenyewe simu kwa heshima, umsalimie kwanza na umuulize hali ya watoto. Kisha sema wazi: "Shemeji, tunapanga garaji, na kochi lako lipo salama. Tungependa ulichukue kabla ya mwisho wa Februari, au utuambie tumpe nani." Mwombe akujibu kwa ujumbe wa maandishi. Mara nyingi jibu litakuwa "mpeni yeyote", maana hata yeye ameshalisahau. Akiomba muda, mpe, ila tarehe iandikwe.

Sasa kurudisha ndani. Pigeni rafu za mbao ukutani, ya chini iwe juu ya sakafu kiasi cha fagio kupita. Vinavyotumika kila wiki vikae usawa wa kifua, vya mara moja kwa mwaka viwekwe juu. Kila sanduku liandikwe kwa kalamu ya wino mzito upande unaoonekana, si juu ya kifuniko. Kila mtoto apewe sanduku moja lenye jina lake, na visivyoingia humo vikae chumbani kwake. Kama gari linatakiwa kulala ndani, liingizeni kwanza kabla ya kurudisha kitu chochote, fungueni milango yake yote, kisha choreni mstari wa rangi sakafuni kulizunguka. Ndani ya mstari hapawekwi kitu. Mstari huo unaonya kila siku bila mzazi kufungua kinywa.

Magunia ya mahindi na maharage kutoka kijijini yanahitaji neno lake, kwani msimu wa pili huvunwa wakati huu huu. Yasigusane na saruji wala ukuta. Yakae juu ya chaga za mbao, hewa ipite pande zote. Mahindi yenye unyevu huota kuvu, na kuvu huleta sumukuvu inayoharibu ini. Kiwango salama cha unyevu ni asilimia 13 hivi. Nyumbani mnaweza kupima kwa chumvi: chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia punje kadhaa za mahindi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa kwa dakika chache, uiache itulie. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado mabichi, yarudi juani juu ya turubai. Isipogusa kioo, yanafaa kuhifadhiwa. Kwa panya tumieni mtego au paka. Sumu ya panya karibu na chakula sikubaliani nayo kamwe.

Yaka: kugombana kwa namba

Ugomvi wa umeme nyumbani kwetu Uganda una sura moja: uniti za Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia, zinaisha saa mbili usiku, na lawama zinaangukia taa za chumba cha watoto. Kaeni na hesabu, maana hesabu inatuliza. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Balbu ya LED ya wati 9 inakaa saa 111 kwa uniti hiyo moja. Televisheni ya wati 60 inakaa saa 16 na zaidi. Lakini birika la umeme la wati 2,000 linaimaliza kwa nusu saa, yaani kuchemsha maji ya lita moja na nusu mara sita au saba hivi. Na shawa ya umeme ya wati 4,500 inaimaliza kwa dakika 13.

Fikirieni vijana watano waliorudi kutoka shuleni, kila mmoja akioga maji moto kwa dakika 13. Uniti tano zimekwenda kabla ya chai. Uniti 15 za kwanza za kila mwezi, ambazo mtumiaji wa nyumbani huuziwa kwa bei nafuu, zinaisha kwa siku tatu. Usambazaji ulikuwa mikononi mwa kampuni iitwayo Umeme hadi 31 Machi 2025, sasa UEDCL, kampuni ya serikali, ndiyo inayosambaza, lakini hesabu ya wati haikubadilika.

Baraza likishaona namba hizo, maamuzi yanakuja yenyewe. Shawa iwe dakika tano, au maji yapashwe kwenye sigiri makaa yanapomalizia maharage. Maji ya chai yachemshwe mara moja asubuhi na kutiwa kwenye chupa ya chai. Nguo zipigwe pasi zote pamoja Jumapili jioni. Kupasha pasi upya kwa shati moja kila asubuhi ni hasara. Mpira wa mlango wa friji upimwe kwa karatasi: funga mlango na karatasi katikati, uivute. Ikitoka kwa ulaini, mpira umechoka na friji inafanya kazi usiku kucha bure.

Kama bado uniti zinapotea, zima na chomoa kila kitu ndani ya nyumba, kisha tazama ile taa ndogo inayopepesa kwenye mita. Ikiendelea kupepesa, kuna waya unaovuja au mtu mwingine ameunganishwa kwenye laini yenu. Mwiteni fundi mwenye leseni, na msifungue mita wenyewe.

Anayeona zimebaki uniti tano atangaze siku hiyo hiyo. Ujumbe wenye tokeni ya tarakimu 20 utumwe kwenye simu mbili, ili asiyekuwa safarini aweze kuiingiza.

Maji, viatu, chaja

Hapa nitapita haraka. Jerikeni ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, kwa hiyo asiitwe mtoto wa darasa la tatu kuibeba. Apewe ya lita tano. Jerikeni zijazwe jioni, kwa sababu bomba hukauka asubuhi kila mtu anapolihitaji. Zipigwe alama ya rangi ya nyumba yenu shingoni, ugomvi wa kisimani upungue. Viatu vyenye udongo mwekundu viishie mlangoni kwenye gunia lililotandikwa, na beseni la kuoshea liwe pale pale. Chaja ziwe na kituo kimoja sebuleni, na simu zote, za wazazi zikiwemo, zilale hapo kuanzia saa nne usiku. Mzazi asipoiweka yake, utaratibu huu hautafika Ijumaa.

Mavazi ya vijana

Sasa tuje kwenye jambo linaloumiza wengi. Kijana wa miaka 15 ameishi miezi mitatu ndani ya sare, nywele zimenyolewa kwa amri ya shule. Likizo ndiyo nafasi yake pekee ya kuonekana alivyo. Mzazi akilielewa hilo kwanza, nusu ya hasira inapungua.

Ugomvi huu ni wa zamani. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin ilipiga marufuku sketi fupi, na wasichana waliokamatwa barabarani wakati ule ni bibi za leo. Waulizeni, wana mengi ya kusema. Mwaka 2014, baada ya sheria dhidi ya ponografia kusainiwa, wanawake walivuliwa nguo mitaani na makundi ya wanaume waliojifanya wanaitekeleza. Mahakama ya Katiba ilivifuta vipengele vyake vikuu mwaka 2021. Kwa hiyo mama anayemtazama binti yake akitoka na blauzi inayoacha kitovu, moyo ukamwenda mbio, ana sababu. Amwambie binti sababu hiyo kwa maneno: "Naogopa stendi ya taxi jioni, na najua kosa si lako, ni la wao." Binti akisikia hofu, atasikiliza. Akisikia tusi, atavaa gauni refu mlangoni na kulivua kwa rafiki yake.

Njia ninayoipendekeza ni kugawa mahali. Chukueni karatasi, muandike safu tatu. Safu ya kwanza ni mahali ambapo kijana anaamua mwenyewe: nyumbani, kwa marafiki, uwanjani, kwenye sherehe ya siku ya kuzaliwa. Safu ya pili ni mahali ambapo mzazi anaamua: msibani, msikitini au kanisani, kwa babu na bibi, na kwenye kwanjula, yaani sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa binti, ambako gomesi (gauni refu la kike la Kiganda) na kanzu hazina mjadala. Safu ya tatu ni mahali pa kushauriana, kama mjini au safarini. Mkishakubaliana, mzazi atimize upande wake. Huwezi kumpa kijana safu ya kwanza kisha ukamkejeli kila akipita sebuleni.

Mazungumzo basi yanakuwa mafupi.

"Mama, wenzangu wote wanavaa hivi."

"Najua, mwanangu. Ukienda kwa wenzako, vaa. Kesho tunakwenda msibani kwa mjomba, pale utavaa gauni la kitenge."

"Na tukirudi?"

"Tukirudi, badilisha."

Pale mzazi na binti wanaposhindwana kabisa, mpelekeni kwa shangazi. Kwa Baganda shangazi, yaani ssenga, ana nafasi hiyo tangu zamani, na makabila mengine yana wake. Shangazi husema yale yale ya mama, lakini kwake hayaumi. Ila shangazi aelezwe makubaliano ya safu tatu kabla, asije akavunja yote kwa alasiri moja.

Baada ya hapo, pesa. Badala ya kumnunulia kijana nguo asizozipenda, mpe fungu la likizo mkononi, mwende wote sokoni. Owino, yaani soko la St. Balikuddembe pale Kampala, ni shule nzuri; kwa sisi wa Jinja soko kuu linatosha. Mfike asubuhi wachuuzi wanapofungua belo jipya la mivumba, yaani mitumba. Mfundishe kuinua suruali juu kwenye mwanga ili aone palipochakaa magotini na kati ya miguu, kupandisha na kushusha zipu mara kadhaa, kugeuza shati ndani nje atazame makwapa. Bei apatane mwenyewe. Pesa ikiisha, imeisha, na akitaka kuchana magoti ya suruali aliyoinunua kwa fungu lake, ni yake. Ya shule na ya ibada haziguswi na wembe.

Kitu kimoja akikataze mzazi bila baraza: nguo za madoadoa ya jeshi. Zinapatikana kwenye mivumba na vijana wanazipenda, lakini Sheria ya UPDF (jeshi la Uganda) ya mwaka 2005 inamzuia raia kuvaa sare za jeshi au zinazofanana nazo, na mwaka 2019 bereti nyekundu iliingizwa kwenye orodha ya mavazi ya jeshi. Kijana anaweza kukamatwa kwa kofia tu. Kapekueni makabati leo.

Suruali za kubana zina dawa yake, na dawa hiyo iko kwa fundi cherehani. Vijana hupeleka suruali ya shule ibanwe wakati wa likizo, fundi anakata kitambaa kilichozidi, shule inafunguliwa, mwalimu wa zamu anamrudisha mtoto nyumbani, na mzazi ananunua nyingine. Nenda naye kwa fundi, useme hivi: "Bana kwa kushona mstari mpya ndani, lakini usikate. Acha kitambaa chote kwenye mshono, na utumie mshono mpana." Mshono mpana hufumuliwa kwa dakika chache kwa wembe. Siku ya kufunga sanduku, fundi anafumua, anapiga pasi, na suruali inarudi ilivyokuwa. Alama ndogo ya mshono inabaki, ila hakuna mwalimu anayeipima.

Nywele zifuate kalenda. Shule nyingi zinataka nywele fupi hata kwa wasichana, na muhula wa kwanza hufunguliwa mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari. Binti akisukwa wiki ya kwanza ya likizo, anazifurahia wiki kadhaa. Akicheleweshwa hadi baada ya Krismasi kwa sababu ya ubishi, pesa ile ile inanunua siku chache, na kilio cha kunyoa kinakuwa kikubwa zaidi. Kama mtaruhusu, ruhusuni mapema. Dawa za kulainisha nywele nisingeruhusu kwa mtoto. Zinaunguza ngozi ya kichwa, na nywele zenyewe zitakatwa. Kutoboa masikio kufanyike kwenye kliniki kwa sindano mpya, maana sindano iliyotumika kwa mwingine inaweza kubeba homa ya ini na virusi vya UKIMWI.

Wageni na majirani

Mgeni wa Krismasi anayekuja bila kusema anaondoka lini aulizwe siku ya pili, kwa upole, na swali liwe la tiketi: "Kaka, basi za Arua hujaa baada ya mwaka mpya, tukukatie ya lini?" Anaokolewa aibu, na nyumba inajua.

Kwa jirani mwenye spika kubwa, nenda mchana, siku ambayo muziki haupigwi, na usiende mikono mitupu. Embe chache zinatosha. Mweleze kuna mtoto anayejiandaa kwa mtihani au mzee asiyelala, na mkubaliane saa. Akivunja mara ya pili, mwambie utampelekea mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, suala hilo, kisha umpelekee kweli, ukiwa na tarehe ulizoandika. Wenyekiti wengi humaliza mambo haya kwa kikao kimoja uani, pande zote zikiwepo.

Wiki ya mwisho kabla ya kufungua shule

Toeni tena ile karatasi ya ukutani. Kero zilizokwisha zipigwe mstari, na watoto waone mstari ukipigwa. Mbili au tatu zilizobaki daftarini zipangwe kwa likizo ya Mei, zikiwa na jina na tarehe. Kisha fungeni masanduku: suruali imefumuliwa, nywele zimekatwa, shuka na ndoo zimeandikwa majina, karatasi za chooni na fagio vimo kulingana na orodha ya shule. Nguo za likizo za kila kijana zifuliwe, zikunjwe na kuingia kwenye sanduku lake la garajini, jina likitazama mbele, na ufunguo abaki nao mwenyewe.